Kuchagua ardhi inayolifaa jeshi lako: mwongozo kamili kwa wachezaji wa De Bellis Antiquitatis

Sisi tunaocheza vita vya mezani kwa visanamu tunaweza kukesha tukipaka rangi ngao moja. Ukifika wakati wa kupanga uwanja, tunaweka vilima viwili na msitu mmoja popote palipo wazi, kisha tunaanza kurusha dadu. Nami nilicheza hivyo kwa muda mrefu, na kila niliposhindwa nililaumu dadu. Mambo yalibadilika siku nilipochukua rula na kupima nafasi iliyobaki kati ya msitu na msitu, kabla hata ya kutoa jeshi kwenye boksi. Tangu hapo naihesabu ardhi kuwa kikosi changu cha 13.

Mwongozo huu unahusu De Bellis Antiquitatis, au DBA kwa kifupi: kanuni za vita vya kale na vya zama za kati zilizobuniwa Uingereza na Phil Barker na wenzake, zikatoka mara ya kwanza mwaka 1990. Toleo la 3.0 lilitoka mwaka 2014. Kila jeshi lina vikosi 12 tu, meza ni ndogo, na ardhi ni sehemu ya sheria zenyewe. Ukijifunzia hapa kuchagua ardhi, utaweza kuichagua katika mchezo wowote mwingine wa aina hii.

Kwa asiyeujua mchezo: visanamu vya milimita 15 hubandikwa kwenye kitako chenye upana wa milimita 40, na kitako kimoja ndicho kikosi kimoja. Meza ya kawaida ni sentimita 60 kwa 60. Kila zamu unarusha dadu moja, na namba inayotoka ndiyo idadi ya amri unazoweza kutoa. Vikosi viwili vikikutana, kila mchezaji anarusha dadu na kujumlisha nguvu ya kikosi chake. Anayetangulia kupoteza vikosi 4, huku mwenzake akiwa amepoteza vichache zaidi, ameshindwa. Ishike hiyo namba 4. Huhitaji kuliangamiza jeshi zima la adui, na ardhi yako haihitaji kukusaidia meza nzima. Inatosha ikusaidie kuua vinne.

Hatua ya kwanza: jua kama utakuwa mwenyeji au mvamizi

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, na katika DBA msemo huo ni sheria. Kila jeshi limepewa aina ya nchi yake ya nyumbani: mashamba, misitu, milima, nyika, ukame, tropiki au pwani. Limepewa pia alama ya uvamizi, kuanzia 0 hadi 4. Kabla ya mechi kila mchezaji anarusha dadu na kujumlisha alama hiyo. Mwenye jumla kubwa ni mvamizi. Mwenye ndogo ni mwenyeji, na ndiye anayechagua vipande vya ardhi kufuatana na nchi yake.

Kwa hiyo maandalizi yako yaanze kwenye alama hii. Jeshi la alama 0 likikutana na la alama 4, kati ya mirusho 36 inayowezekana ni mmoja tu unaompa mwenye 4 nafasi ya kuwa mwenyeji: yeye atoe 1 na mwenzake atoe 6. Ukiwa na jeshi la uvamizi mkubwa usipoteze usiku kubuni uwanja wa ndoto. Utumie kujifunza kupigana kwenye misitu ya watu. Ukiwa na jeshi la 0 au 1, uwanja ni wako karibu kila siku, na kutoujua ni kutupa silaha.

Nchi yako pia inakuwekea mipaka. Ya misitu inakulazimisha kuweka misitu, na ya pwani inakulazimisha kuweka maji ukingoni mwa meza. Vipande vingine ni vya hiari, na idadi yake ina kikomo. Soma orodha ya nchi yako ukijiuliza maswali mawili: kipi siwezi kukikwepa, na kipi naweza kukiacha? Wengi hujaza kila kinachoruhusiwa, na wanakosea. Kuacha nafasi tupu nako ni kuchagua.

Hatua ya pili: pima mstari wako

Hapa ndipo nataka ukae, kwa sababu ndipo mechi nyingi huamuliwa.

Vikosi 12 vikisimama bega kwa bega vina urefu wa milimita 480, yaani sentimita 48. Meza ina 60. Kwenye uwanda mtupu, jeshi lililojipanga mstari mmoja linabakiwa na sentimita 6 tu kila upande. Sasa weka msitu wenye upana wa sentimita 14 kila pembeni. Katikati panabaki sentimita 32, nafasi ya vikosi 8. Adui mwenye vikosi 12 vizito ana vinne ambavyo ama vitajipanga nyuma bila kazi, ama vitaingia msituni na kuteseka. Na vinne ni namba tuliyokubaliana kuishika.

Fanya hesabu hiyo kwa jeshi lako. Wenye mikuki mirefu ya mtindo wa Makedonia hupigana kwa safu mbili, mmoja nyuma ya mwingine, na msaada wa aliye nyuma unahesabiwa kwenye ardhi nzuri pekee. Vikosi 8 vya namna hiyo vina uso wa vinne tu, sentimita 16. Jeshi kama hilo kwenye meza iliyo wazi kabisa litazungukwa, lakini kwenye uwazi wa sentimita 24 hadi 28 uliobanwa pande zote mbili ni nyundo. Kinyume chake, jeshi la farasi wepesi linalotegemea kuzunguka likipewa uwazi wa sentimita 28 limefungwa mikono.

Kubanwa kuna uzito kwa sababu kikosi kikiwa na adui anayekipita ubavuni hupunguziwa 1 kwenye pigano, na pande zote mbili zikipitwa kinapunguziwa 2. Ila hapa kuna mtego ulionigharimu mechi nyingi. Msitu mtupu si ukuta. Adui akiingiza askari wepesi wawili mle ndani, wanatokea ubavuni mwako na kukupunguzia alama vilevile. Penye miti hapana wajenzi. Ukiegemeza bega la mstari wako kwenye msitu, weka watu wako ndani ya huo msitu, hata kikosi kimoja cha wepesi. Kama jeshi lako halina wepesi hata kimoja, usiegemee msitu. Tafuta ukingo wa meza, au maji.

Hatua ya tatu: jua ardhi inabadilisha nini kwenye dadu

Ardhi ngumu, kama misitu, vinamasi na milima yenye mawe, inawapunguzia wapanda farasi na askari wazito wa miguu alama 2. Askari wepesi, oksilia (wale wa uzito wa kati, kama Wathrakia) na makundi ya vita ya kina Wagali na Wajerumani wa kale hawapunguziwi. Aliye juu ya mteremko kuliko mpinzani anaongezewa 1, na anayelinda ukingo wa mto hali kadhalika.

Alama mbili zinasikika kama kitu kidogo, kwa hiyo tuzihesabu. Askari wa panga, kama wa majeshi ya Roma, wana 5 dhidi ya watembea kwa miguu. Oksilia wana 3. Uwandani, kati ya mirusho 36, oksilia anashinda 6, anatoka sare 4, anapigwa 26. Waingize wote wawili msituni: panga inashuka hadi 3, oksilia anabaki na 3. Sasa anashinda 15, sare 6, anapigwa 15. Yule aliyekuwa chakula amekuwa mpinzani kamili. Kundi la vita nalo lina 3 dhidi ya miguu, kwa hiyo hesabu ni ileile, na likimshinda mtu wa panga linamuua papo hapo, halimsukumi tu nyuma. Maangamizi ya Warumi mikononi mwa Wajerumani kwenye msitu wa Teutoburg, mwaka 9 BK, hayatakushangaza tena: ardhi iliwanyima mstari, na bila mstari panga zao zilikuwa nusu.

Mfano wa pili ni kilima. Farasi wazito, wale wenye mikuki na deraya, wana 3 dhidi ya miguu, na watu wa panga nao wana 3 dhidi ya farasi. Kwenye ardhi nzuri farasi akishinda, mtu wa panga anakufa. Anashinda mirusho 15 kati ya 36. Mpandishe mtu wa panga kwenye kilima cha mteremko mpole na asubiri huko: sasa ni 3 kwa 4, na farasi anashinda 10. Kipande kimoja cha sponji chenye kimo cha sentimita mbili kimeokoa mirusho mitano. Na ukimsimamisha ndani ya msitu, wote wawili wanapunguziwa 2, tofauti inabaki ileile, lakini ile ruhusa ya farasi kuua kwa ushindi mdogo inaondoka, kwa kuwa hayupo tena kwenye ardhi nzuri.

Hatua ya nne: linganisha jeshi lako na la mwenzako

Jeshi halina ardhi nzuri peke yake. Lina ardhi nzuri dhidi ya fulani. Kabla ya kuchagua kipande, andika kwenye karatasi vikosi vyako na vyake katika mafungu matatu: wazito wa miguu, wapanda wanyama, na wale wasioteswa na ardhi ngumu. Fungu la tatu ndilo la kutazama kwanza. Ukiwa na wengi kuliko yeye, ongeza ardhi ngumu. Ukiwa na wachache, ipunguze. Nusu ya maamuzi huishia hapo.

Ukiwa na wazito wa miguu dhidi ya farasi wepesi wengi, banisha meza. Crassus aliyaongoza majeshi ya Roma hadi uwanda wa Carrhae mwaka 53 KK, na wapiga mishale wa Parthia wakamzunguka siku nzima wakiwa juu ya farasi, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuegemea. Wewe mwenyeji unaweza kukiweka kitu hicho. Vipande viwili vikubwa pembeni, mlango katikati, na wepesi wako wachache ndani ya vipande hivyo.

Ukiwa wewe ndiye mwenye farasi wazito au magari ya vita, fanya kinyume. Kabla ya Gaugamela, mwaka 331 KK, Dario wa Tatu alisawazisha ardhi ili magari yake yenye mundu yapite. Alishindwa na Aleksanda hata hivyo, lakini kwa jeshi lake alichagua sawasawa. Chukua vipande vichache kadiri sheria inavyoruhusu, vidogo kadiri inavyoruhusu, na upendelee vilima vya mteremko mpole kwa kuwa havimzuii farasi.

Oksilia na wepesi dhidi ya wazito ndiyo mechi ninayoipenda kuliko zote. Kosa la kawaida ni kuweka msitu mmoja mkubwa na kujificha ndani. Mwenye mapanga hatakufuata. Atasimama nje akusubiri, au aende moja kwa moja kwenye kambi yako. Weka vipande vitatu au vinne vya wastani vilivyotawanyika katikati, ili mstari wake usiweze kusonga mbele bila kukatika. Kundi likiingia ardhi ngumu haliruhusiwi kusonga kwa upana wake, ni lazima lipite kama msafara mwembamba, au kila kikosi kipewe amri yake. Mpinzani aliyerusha 2 anajikuta na vikosi vitano mbele na saba nyuma. Hapo ndipo unatoka.

Wapiga upinde wanahitaji uwazi wa kuonea na kitu cha kumchelewesha adui. Agincourt, wapiga upinde wa Uingereza walipokutana na Wafaransa, 25 Oktoba 1415, uwanja ulikuwa shamba lililolimwa karibuni, limelowa mvua, limebanwa kati ya misitu miwili. Wafaransa walikuwa wengi kuliko nafasi. Kama nchi yako ni ya mashamba na misitu, mpangilio huo unaigika vizuri mno, ila wapiga upinde wako uwaegemeze msituni bila kuwazamisha ndani wasikoona.

Tembo kwao uwanda, basi. Mito naiweka mara chache: nguvu ya mto huamuliwa kwa dadu pale kikosi cha kwanza kinapojaribu kuvuka, na unaweza kukuta umejipanga nyuma ya kijito cha kuruka. Jeshi la pwani ni habari nyingine, kwa sababu maji yanalifungulia njia ya kuteremsha sehemu ya vikosi ufukoni, nyuma au ubavuni mwa adui. Ukiwa na jeshi hilo, jifunze kuteremsha kabla ya kujifunza chochote kingine.

Hatua ya tano: panga ukijua kwamba dadu itavuruga

Huchagui mahali pa kila kipande. Katika toleo la 3.0 meza inagawanywa robo nne, na kwa kila kipande dadu inarushwa: 1 hadi 4 ni robo yenye namba hiyo, 5 mwenyeji anachagua robo, 6 mvamizi anachagua. Maana yake, uwezekano wa kipande kuangukia robo moja unayoitaka ni namba 2 kati ya 6. Mpango unaotegemea msitu ule uwe pembe ile utavunjika mara mbili kati ya tatu. Mpango unaoridhika na robo mbili kati ya nne una nusu kwa nusu.

Kwa hiyo chagua vipande vinavyofaa popote vitakapoangukia. Msitu wa mviringo wa wastani unafaa robo yoyote. Msitu mrefu mwembamba ukilala vizuri ni dhahabu, ukilala vibaya unakukata mwenyewe. Hata robo ikishaamuliwa bado una uhuru wa kusogeza kipande ndani yake, na robo ina sentimita 30 kwa 30. Msitu wa sentimita 14 uliosukumwa ukingoni na ule uliosogezwa karibu na kitovu cha meza ni misitu miwili tofauti kabisa. Kirushe kwanza kipande kinachokuhangaisha, ukione kilipo, ndipo usogeze vilivyobaki kukirekebisha.

Ukingo wako wa meza nao unapitia kwenye dadu baada ya ardhi kuwekwa. Zunguka meza, kaa upande wa mpinzani, uitazame. Ukiona kutoka pale hutaki kupigana, uwanja wako ni mbovu hata kama upande wako wa sasa ni mzuri. Uwanja wa kweli unalifaa jeshi lako kutoka kingo zote, kwa sababu umetengenezwa kwa aina ya askari, si kwa mahali.

Hatua ya sita: soma meza kabla ya kuweka kikosi cha kwanza

Pima uwazi mkubwa uliobaki na uugawe kwa sentimita 4. Jibu ndilo idadi ya vikosi vyako vizito vya mstari wa mbele. Tafuta mahali jemadari atakapoona jeshi lake, maana kikosi kilichofichwa na msitu au kilima kinakula amri ya ziada, na kwa dadu ya 1 au 2 kikosi hicho ni kama hakipo. Angalia njia fupi kutoka kwa farasi wepesi wa adui hadi kambi yako. Kama ipo, acha mlinzi.

Kutengeneza vipande vyako mwenyewe

Huhitaji kuagiza chochote ng'ambo. Kilima ni sponji ngumu au stairofomu ya boksi la friji, ikatwe kwa kisu chenye makali na kuchongwa pembeni iwe na mteremko ambao kitako kinaweza kusimama bila kuteleza. Paka gundi nyeupe ya mbao, nyunyiza mchanga uliochekechwa, ukikauka paka kahawia kisha upitishe brashi kavu yenye rangi ya majani makavu. Nyasi ni vumbi la randa lililochovywa kwenye rangi ya kijani na kuanikwa. Usitumie rangi ya kupuliza moja kwa moja kwenye stairofomu, inaiyeyusha, itangulize gundi.

Kinamasi ni kadibodi nzito iliyopakwa kahawia iliyokolea, yenye madimbwi ya vanishi. Miti ni dodoki: lipasue, lichovye kijani, vunja vipande vya ukubwa wa kidole gumba, vichomeke kwenye vijiti vya meno.

Kata vipande vya saizi tofauti za kila aina, mfano misitu ya sentimita 10, 14 na 18, na uandike kipimo chini ya kila kimoja ili usihangaike na rula mwenzako akisubiri. Usiigundishe miti kwenye msitu. Fanya msitu uwe kitambaa au kadibodi bapa yenye umbo lililochorwa wazi, miti isimame juu yake kwenye vitako vidogo vya sarafu, uweze kuiondoa vikosi vinapoingia na kuirudisha vinapotoka. Umbo la chini ndilo mpaka wa kisheria, kwa hiyo ukingo wake uonekane vizuri hata mtu akiwa amesimama upande wa pili wa meza.